Fahamu 'A Little Deeper': Albamu ya kwanza ya Ms. Dynamite iliyouliza almasi imetoka wapi

Kama una chini ya miaka 30, huenda hujawahi kuisikiliza albamu ya Ms. Dynamite mwanzo mwisho. Usijilaumu. Ilipotoka, Juni 10, 2002, wengi wetu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Huku Mtwara hata Daraja la Mkapa pale Rufiji lilikuwa halijafunguliwa, na kanda ya msanii wa Dar ilibidi ivuke mto kwa pantoni ndipo ifike madukani.

Lakini hii ni albamu ya kuifahamu. Ni kazi ya binti wa miaka 21 wa London, aliyeingia kwenye rap wakati cheni na saa za bei mbaya ndiyo zilikuwa mada kuu. Yeye akauliza swali moja ambalo marapa wengi hawakutaka kulisikia: hivyo vito unavyoringia vimetoka wapi, na nani kafa ili wewe uvivae?

Miezi mitatu baadaye akawa ameshinda tuzo kubwa kabisa ya albamu nchini Uingereza. Twende taratibu.

Kwa ufupi

- Jina la albamu: A Little Deeper
- Msanii: Ms. Dynamite (jina halisi Niomi McLean-Daley)
- Ilitoka: Juni 10, 2002
- Lebo: Polydor
- Nafasi ya juu kwenye chati ya albamu Uingereza: 10
- Singo: "It Takes More", "Dy-Na-Mi-Tee" na "Put Him Out"
- Tuzo kubwa: Mercury Prize, 2002

Ms. Dynamite ni nani?

Alizaliwa Aprili 26, 1981, akakulia kaskazini mwa London. Baba yake ana asili ya Jamaika, mama yake ni Mskoti. Nyumba ya namna hiyo unaweza kuisikia kwenye muziki wake: rege na ragga za upande wa baba, na Kiingereza cha mtaani cha vijana wa London.

Wazazi wake waliachana akiwa bado mdogo. Maisha hayakuwa mteremko, na alipofikia umri wa ujana aliwahi kuishi hosteli mbali na nyumbani. Hayo yote hakuyaficha. Ukisikiliza albamu utakutana nayo, tena bila kujiliza.

Mdogo wake wa kiume pia ni mtu maarufu. Anaitwa Akala, rapa na mwandishi anayejulikana kwa kuongelea historia ya watu weusi na ubaguzi wa rangi. Albamu yake ya kwanza, It's Not a Rumour, ilitoka mwaka 2006 chini ya lebo yake mwenyewe, Illa State. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ile familia ina midomo, hajakosea.

Kabla ya albamu: redio za kificho na "Booo!"

Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa London walikuwa na muziki wao unaoitwa garage. Ni muziki wa klabu, mdundo wa haraka unaorukaruka, besi nzito, na juu yake anasimama MC anayechana na kuchangamsha watu. Redio kubwa zilichelewa kuupokea. Ulikua kupitia redio za kificho, zile zisizo na leseni, ambazo vijana walikuwa wanafunga mitambo juu ya maghorofa na kurusha matangazo mpaka wakamatwe.

Huko ndiko Niomi alikojifunzia kazi. Alikuwa MC kwenye redio hizo na kwenye klabu, sehemu ambayo wanaume walikuwa wengi na kipaza sauti hakikuwa kinatolewa kirahisi kwa msichana.

Mwaka 2001 prodyuza anayeitwa Sticky akamshirikisha kwenye wimbo "Booo!". Wimbo ukafika nafasi ya 12 kwenye chati ya Uingereza. Ghafla lebo kubwa zikaanza kumtafuta.

Hapo angeweza kufanya kilicho rahisi: kurekodi "Booo!" nyingine kumi, kuziweka kwenye CD, na kwenda kuvuna hela za klabu. Hakufanya hivyo.

Albamu yenyewe ikoje?

Kwanza, ujue si albamu ya garage. Ni hip hop iliyochanganywa na R&B na rege. Ms. Dynamite anachana, anaimba, na mara nyingine anafanya vyote ndani ya wimbo mmoja bila wewe kugundua amebadilisha saa ngapi.

Kati ya maprodyuza waliohusika yupo Salaam Remi wa Marekani, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi na Fugees. Mwaka uliofuata jamaa huyo huyo akashiriki kutengeneza Frank, albamu ya kwanza ya Amy Winehouse. Yupo pia Bloodshy wa Sweden, mmoja wa wawili wanaojulikana kama Bloodshy & Avant, ambao baadaye walitengeneza "Toxic" ya Britney Spears.

Yaani watu waliokaa naye studio walikuwa bado hawajafika kileleni, ila walikuwa njiani. Na sauti ya albamu inaonyesha hivyo. Biti zina nafasi, hazimezi maneno. Ukiwa na spika ndogo ya simu bado unasikia anachosema.

Nyimbo za kuanza nazo

"It Takes More" ndiyo singo ya kwanza. Ilifika nafasi ya 7. Humo anawageukia marapa wanaojisifia bunduki, wanawake na vito, na kuwaambia kwamba kuwa mtu wa maana kunahitaji zaidi ya hayo. Swali la almasi liko humu. Tutalirudia.

"Dy-Na-Mi-Tee" ilifika nafasi ya 5, na ndiyo singo yake iliyofika juu zaidi kutoka kwenye albamu hii. Ni wimbo wa maisha yake: utoto, familia, makosa ya ujana, na jinsi muziki ulivyomshika. Kama unataka kumjua kwa dakika chache, anza hapa.

"Put Him Out" ilitoka Desemba 2002 na kufika nafasi ya 19. Anaongea na mwanamke mwenzake anayevumilia mwanaume asiyemheshimu. Ushauri wake ni mfupi: mtoe. Hakuna mahubiri marefu, ni kama dada anayekuja nyumbani kwako jioni, anakaa, anakuangalia na kukwambia ukweli.

"Brother" ni ya kifamilia zaidi, dada anazungumza na kaka. "Seed Will Grow" amemshirikisha Ky-Mani Marley, mtoto wa Bob Marley, na hapo ule upande wa Jamaika unasikika waziwazi.

Ukizipanga hizo tano unaona kitu. Nyimbo zote zinazungumza na mtu: rapa, mwanamke jirani, ndugu, na yeye mwenyewe. Hii ndiyo sababu albamu haijachakaa haraka. Mitindo ya biti inapita, ila mtu anayekuongelesha moja kwa moja unamsikiliza tu.

Lile swali la almasi

Ili ulielewe swali lake, kumbuka mwaka wenyewe. Vita vya Sierra Leone vilianza 1991 na vilitangazwa kumalizika Januari 2002, miezi michache tu kabla ya albamu kutoka. Waasi walikuwa wanachimba almasi, wanauza, wananunua silaha. Raia walikatwa mikono. Watoto walibebeshwa bunduki. Dunia ikaanza kuziita almasi hizo "almasi za damu".

Utaratibu wa kimataifa wa kuthibitisha kwamba almasi haitoki kwenye vita, unaoitwa Kimberley, ulianza kutumika mwaka 2003. Kwa hiyo "It Takes More" ilitoka kabla hata ya utaratibu huo kuanza. Kanye West alikuja na "Diamonds from Sierra Leone" mwaka 2005, miaka mitatu baadaye.

Sisi Watanzania almasi si hadithi ya mbali. Mgodi wa Mwadui, Shinyanga, uligunduliwa mwaka 1940. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5 ikiwa haijachongwa, na ikapelekwa London kama zawadi ya harusi ya Princess Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth II. Ilichongwa, ikawekwa kwenye kipambo cha ua cha kubandika kwenye nguo.

Mwadui haikuwa vita, tusichanganye mambo. Lakini njia ya safari ni ile ile: jiwe linatoka ardhini kwetu, linang'aa kwa watu wengine. Ms. Dynamite alikuwa binti wa London anayeitazama safari hiyo kutokea upande wa pili, kule jiwe linakovaliwa. Na badala ya kulitamani, akauliza lilikotoka.

Kuuliza hivyo kwenye singo yako ya kwanza ya kujitegemea, wakati lebo imeweka hela na inataka irudi, ni kujitoa. Kama wimbo ungeanguka, kila mtu angesema tatizo ni mdomo wake.

Usiku wa Mercury

Mercury Prize hutolewa kila mwaka kwa albamu moja tu bora ya Uingereza na Ireland. Haiangalii mauzo. Majaji wanasikiliza, wanabishana, wanachagua.

Mwaka 2002 kulikuwa na albamu 12 zilizoteuliwa. Ndani yake alikuwemo David Bowie na Heathen, Roots Manuva, Beverley Knight, Doves, na The Streets na Original Pirate Material, albamu nyingine iliyotoka kwenye ulimwengu wa garage na ambayo wengi waliipigia debe.

Septemba hiyo likatajwa jina la Ms. Dynamite. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo akiwa msanii wa kujitegemea. Zawadi ilikuwa paundi 20,000, na alitangaza kuitoa kwa hisani, kwa shirika la kulinda watoto la NSPCC.

Tuzo za MOBO za mwaka huo akabeba tatu. Februari 2003 kwenye tuzo za BRIT akachukua mbili, ikiwemo ya msanii bora wa kike wa Uingereza. Usiku huo huo akapanda jukwaani na George Michael wakaimba "Faith" kwa maneno yaliyobadilishwa ili kupinga vita vya Iraq vilivyokuwa vinanukia. Siku chache kabla, Februari 15, alikuwa Hyde Park jijini London kwenye maandamano makubwa ya kupinga vita hivyo.

Vita vilikuja, Machi 2003. Nyimbo hazikuvizuia. Ila hakuna anayeweza kusema alikaa kimya kwa sababu alikuwa ameshapata tuzo.

Baada ya hapo ikawaje?

Hapa ndipo wengi huanza kusema "alipotea". Ukweli una sura mbili.

Mwaka 2003 alipata mtoto wa kiume na akapunguza kasi. Albamu ya pili, Judgement Days, ilitoka Oktoba 2005 na ikaishia nafasi ya 43. Ukilinganisha na ya kwanza, lilikuwa anguko. Muziki wa mtaani wa London ulikuwa umeshahamia kwenye grime, na miaka mitatu kwenye rap ni mingi sana.

Lakini hakufutika. Mwaka 2010 alisikika kwenye "Wile Out" ya DJ Zinc na "Lights On" ya Katy B, ambayo ilifika nafasi ya 4. Mwaka 2018 akapewa nishani ya MBE kwa mchango wake kwenye muziki.

Kuna kitu cha kujifunza hapo kuhusu namna tunavyowapima wasanii wa kike. Mwanaume akikaa miaka mitatu bila albamu tunasema "yuko chimbo". Mwanamke akijifungua na kulea tunasema "kaishiwa".

Waliomtangulia na waliomfuata

Ms. Dynamite hakuwa wa kwanza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 London ilikuwa na Cookie Crew na Wee Papa Girl Rappers. Kulikuwa pia na Monie Love, ambaye mwaka 1989 alichana na Queen Latifah kwenye "Ladies First", kisha akatoa albamu yake ya kwanza, Down to Earth, mwaka 1990.

Baada yake, mwaka 2009, Speech Debelle akashinda Mercury kwa albamu yake ya kwanza, Speech Therapy. Rapa mwingine wa kike, albamu ya kwanza, tuzo ile ile.

Halafu yupo Little Simz, ambaye kizazi chetu kinamjua zaidi, hata kama ni kwa sababu ya tamthilia ya Top Boy. Albamu yake ya kwanza, A Curious Tale of Trials + Persons, aliitoa mwaka 2015 kupitia lebo yake mwenyewe, Age 101. Mercury aliipata mwaka 2022 kwa albamu nyingine, Sometimes I Might Be Introvert. Mlango ulishafunguliwa miaka 20 kabla.

Na huku kwetu wakati ule?

Mwaka 2002 Bongo Fleva nayo ilikuwa inachemka. Professor Jay alikuwa ametoa Machozi Jasho na Damu mwaka 2001 na kuonyesha kwamba rap ya Kiswahili inaweza kumchana mwanasiasa na bado ikapigwa kila kona.

Upande wa kina dada walikuwepo Zay B na Sister P, majina mawili ambayo mashabiki wa wakati ule waliyapambanisha sana. Muulize shangazi yako, atakwambia alikuwa timu gani. Nairobi alikuwepo Nazizi wa Necessary Noize, binti aliyeanza kurekodi bado kijana mdogo kabisa.

Na kuna Stella Mwangi, au STL, mzaliwa wa Kenya ambaye familia yake ilihamia Norway mwaka 1991 akiwa mtoto. Alianza kurap akiwa mdogo, na kati ya mambo aliyoyaandika ni ubaguzi waliokutana nao huko. Albamu yake ya kwanza, Living for Music, ilitoka mwaka 2008. Mwaka 2011 aliiwakilisha Norway kwenye Eurovision na wimbo "Haba Haba" wenye maneno ya Kiswahili. Hakufika fainali, ila Ulaya nzima ilisikia methali ya bibi zetu.

Hawa wote walikuwa wanapigana vita moja: kuonekana marapa kwanza, halafu mengine baadaye.

Kwa nini mtu wa Mtwara aisikilize leo?

Kwa sababu lile swali lake tunalijua. Tumelikuta nyumbani.

Korosho ghafi inatoka hapa kwetu, inapakiwa bandarini, inakwenda kubanguliwa India na Vietnam. Gesi ya Mnazi Bay, pale Msimbati, karibu kabisa na mdomo wa Ruvuma, iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 mkoa huu ulipitia maandamano na vurugu kubwa kuhusu bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na watu walipoteza maisha. Bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Unaweza kuwa upande wowote kwenye mjadala ule. Swali lililokuwa katikati yake lilikuwa moja: kinachotoka ardhini kwetu kinamnufaisha nani, na nani anabeba gharama?

Ms. Dynamite hakuwa anaiongelea Mtwara. Pengine hata hakuijua. Lakini aliuliza swali hilo hilo akiwa na miaka 21, kwenye wimbo unaochezeka, na ukaingia kwenye kumi bora.

Hilo ndilo la kubeba kwa yeyote anayeandika mistari kwenye simu yake pale Shangani, Mikindani au Kilambo, hasa kama ni msichana na anaambiwa aimbe mapenzi tu ndiyo auze. Albamu ya kwanza si lazima iwe ya kujitambulisha kwa kuringa. Inaweza kuwa ya kuuliza.

Ukiwa na bando, anza na "Dy-Na-Mi-Tee", nenda "It Takes More", halafu "Put Him Out". Zikikuingia, rudi mwanzo uisikilize albamu yote kwa mpangilio wake. Na usiku ukitulia, vaa earphone: besi ya ile albamu simu peke yake haiwezi kuitendea haki.